Gari dogo la michezo, paa la kukunja, gia otomatiki: linashtuka likikaribia kusimama. Ninunue au niliache?

#1 VitiViwili
Wakuu, salaam. Nimekuwa nikitafuta kwa muda mrefu gari dogo la michezo lililotumika, lenye viti viwili na paa la kukunja, na sharti langu kubwa ni kwamba liwe la otomatiki, kwa sababu goti langu la kushoto limeshachoka kukanyaga klachi kwenye foleni. Sasa nimelipata moja ambalo bodi yake inapendeza, turubai halijafumuka popote, na kilomita zake ni chache ukilinganisha na umri wake. Sitalitaja jina kwa kuwa muuzaji naye ni msomaji wa humu. Itoshe kusema kwamba injini iko mbele, magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, na giaboksi ina gia sita.

Tatizo ni hili: likiwa baridi halina neno, lakini likishapata joto, kila ninapopunguza mwendo taratibu nikikaribia kusimama kabisa, ninasikia mshtuko mdogo nyuma ya mgongo, "tuk" moja tu, kisha gari linatulia. Muuzaji anasema ndivyo magari haya yalivyo. Ninaomba kujua mambo mawili. Je, mshtuko huo ni wa kuogopwa? Na je, ni kweli wanavyosema kwamba gari la aina hii likiwa la otomatiki limeshapoteza maana?

#2 Mchokozi
Swali la pili nalijibu mimi: ni kweli. Gari la michezo lisilo na klachi ni ngoma ya kusikiliza ukiwa umekaa.

#3 BintiGereji
Mchokozi, umejibu haraka kuliko giaboksi yoyote ninayoifahamu. Kabla hatujabishana, tukubaliane kwanza tunazungumzia mtambo upi, kwa sababu magari haya madogo yametoka na mitambo minne tofauti isiyo na pedali ya klachi, na kila mmoja una tabia zake na maradhi yake.

Upo mtambo wa kawaida wenye toki konveta, ambamo mafuta ndiyo yanayopokezana nguvu kati ya injini na gia. Huo ndio uliomo kwenye Mazda MX-5 zote za otomatiki (vizazi vya kwanza, NA na NB, vikiwa na gia nne, na vilivyofuata, NC na ND, vikiwa na gia sita), kwenye Mercedes SLK, na kwenye Porsche Boxster za zamani zenye Tiptronic. Kisha kuna klachi mbili, zinazopatikana kwenye Audi TT na kwenye BMW Z4 35i ya kizazi cha E89. Tatu ni CVT, isiyo na gia bali mkanda unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Daihatsu Copen ya kizazi cha pili inayo, Honda S660 inayo, na MINI Cooper za paa la kukunja za awali zinayo pia. La nne ndilo linalowachanganya wanunuzi wengi: giaboksi ya mkono kabisa, yenye klachi kamili, ila mashine ndiyo inayoikanyaga kwa niaba yako. Toyota MR-S ya SMT iko hivyo, na Smart Roadster ya 2003 hadi 2005 pia.

Mtu aliyeendesha Smart Roadster siku moja akasema otomatiki haifai kwa gari la michezo, anasema kweli kuhusu Smart Roadster. Ile inasita kati ya gia na gia hadi kichwa kinainama mbele. MX-5 ya ND yenye gia sita ni habari nyingine kabisa.

Kwa maelezo ya mwanzisha uzi, hilo lake ni la toki konveta. Mshtuko kwenye mtambo wa namna hiyo, wakati wa kushuka kutoka gia ya pili kwenda ya kwanza mafuta yakiwa ya moto, ni jambo la kuchunguzwa, ila halijawa hukumu ya kifo.

#4 MzeeSpana
Ninakubaliana na BintiGereji kuhusu aina za mitambo, ila kuhusu mshtuko mimi sina haja ya kuchunguza sana. Hayo ni mafuta ya giaboksi yaliyozeeka. Mafuta yakiwa baridi ni mazito na yanaficha uchakavu. Yakipata joto yanakuwa mepesi, shinikizo linayumba, na zile klachi za ndani zinashika kwa ghafla badala ya kushika kwa upole.

Kilichoharibu magari mengi ni maneno "mafuta ya maisha yote". BMW walibandika maneno hayo kwenye giaboksi ambazo kampuni ya ZF ndiyo iliyozitengeneza, wakati ZF wenyewe wanapendekeza mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane. Mercedes nao walianza kwa kusema kwamba mafuta ya giaboksi zao za gia tano hayaguswi, baadaye wakabadili msimamo. Sasa jiulize: gari la kilomita chache lenye umri mkubwa, mmiliki wake alikuwa na sababu gani ya kubadilisha mafuta? Kilomita hazijafika. Miaka imepita, lakini nani anayehesabu miaka?

Mwambie muuzaji abadilishe mafuta na chujio, kisha uendeshe tena.

#5 Pwaguzi
Kwa nini usitafute Honda S2000 ya otomatiki ukamaliza mjadala? Injini yake haina mpinzani.

#6 MsomaVipimo
Ndugu Pwaguzi, S2000 ilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2009 na katika miaka yote hiyo haikuwahi kutoka kiwandani na giaboksi nyingine isipokuwa ya mkono ya gia sita. Ukioneshwa ya otomatiki, basi kuna mtu aliyeingia na msumeno. Hata Honda Beat ndogo ilitoka na gia za mkono pekee. Kwa Honda ya viti viwili yenye paa la turubai na isiyo na klachi, inabaki ile S660 aliyoitaja BintiGereji, na paa lake ni turubai la kuviringisha kwa mikono na kulifungia kwenye kisanduku cha mbele, si la umeme.

#7 Pwaguzi
Nimesahihishwa, asante. Msumeno nimeuogopa.

#8 Turubai
Mnajadili giaboksi kana kwamba gari hili halina paa. Wakuu, kwenye gari la paa la kukunja maji ndiyo yanayoua, gia zinafuata baadaye.

Nitaeleza ninavyokagua. Kwanza, ninaomba paa lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa mfululizo injini ikiwa inawaka, kwa sababu betri dhaifu humfanya hata motori mzima aonekane mgonjwa. Ninasikiliza kama pampu inanguruma sawasawa mwanzo hadi mwisho au inabadilisha sauti katikati, na ninaangalia kama pande zote mbili zinapanda kwa pamoja. Kwenye mapaa ya chuma yanayosukumwa kwa haidroliki, kama la SLK, ninapitisha kitambaa cheupe chini ya mitungi ya haidroliki na pembeni mwa buti. Kikitoka na mafuta, najua mipira ya ndani imeanza kuchoka.

Pili, na hapa ndipo wengi wasipofika, ninatafuta vitundu vya kutolea maji. Turubai lolote lina mfereji wa kupokea maji nyuma ya viti, na kila upande una kitundu kinachoyashusha hadi chini ya gari. Majani na vumbi vikiziba kitundu, maji yanatafuta njia nyingine. Kwenye MX-5 za NA na NB yanaingia kwenye vizingiti vya milango na kuvioza kutokea ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa, na utaona tu vipovu vidogo mbele ya gurudumu la nyuma wakati kizingiti kimeshakwisha. Kwenye BMW Z4 ya kwanza, E85, motori wa kuendesha paa amewekwa shimoni upande wa kushoto, kitundu kikiziba motori anazama. Kwenye Boxster 986 kuna kompyuta ya kuzuia wizi chini ya kiti. Zulia likilowa, gari haliwaki. Kwa hiyo ninachukua kikombe cha maji, ninayamimina taratibu kwenye mfereji, kisha ninachuchumaa kuangalia kama yanatoka chini, pande zote mbili, na kwa kasi ileile. Muuzaji anayekataa kikombe kimoja cha maji ameshakujibu.

Mwisho, ninainua zulia nyuma ya viti na kuweka kiganja. Kiganja kikitoka na ubaridi na harufu ya uvundo, sihitaji kusikia habari za gia.

#9 KlachiMbili
Turubai, posti yako ya #8 inapaswa kubandikwa juu. Hata hivyo narudi kwenye gia, kwa sababu MzeeSpana amehukumu mapema mno. Mshtuko mmoja unaosikika nyuma ya mgongo, kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, unaweza kutoka kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), kwenye viungo vya propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu huko), au kwenye bushi zinazoshikilia difu. Gia inaposhuka, nguvu hubadili mwelekeo kidogo, na kila kiungo chenye mwanya kinagonga. Giaboksi ndiyo inayosukuma, lakini si lazima iwe ndiyo inayolia.

Nami ningemshauri ndugu yetu aachane na toki konveta, aende kwenye klachi mbili kama za Audi TT. Teknolojia hiyo Porsche ndio walioileta barabarani, na hakuna gia inayobadilika kwa kasi kuliko hiyo.

#10 MsomaVipimo
Sahihisho dogo. Porsche walitumia PDK, yaani klachi mbili zao, kwenye magari ya mashindano miaka ya 1980, hilo ni kweli, lakini gari la kwanza la kuuzwa kwa umma lenye klachi mbili lilikuwa Volkswagen Golf R32 mwaka 2003, na Audi TT ya injini ya lita 3.2 ikafuata mwaka huohuo. Boxster iliipata PDK kwa modeli za 2009.

Niongeze kwamba DSG, yaani klachi mbili za kundi la Volkswagen, ya gia sita iliyomo kwenye TT ina klachi zinazoogelea kwenye mafuta, na mafuta hayo yanatakiwa kubadilishwa kila kilomita 60,000. Anayenunua TT bila kuona risiti za kazi hiyo anacheza bahati nasibu. Na ile ya gia saba yenye klachi kavu, inayopatikana kwenye magari madogo ya kundi la Volkswagen, ndiyo iliyowapa watu maumivu zaidi, kwa hiyo usizichanganye hizo mbili.

#11 Mchokozi
Kwa hiyo tumefika posti ya #11, na hadi sasa hakuna aliyesema gari lenyewe linaendeshekaje. Ninyi mnataka kununua giaboksi au mnataka kununua furaha?

#12 Bi_Upepo
Mchokozi, mimi ninaendesha gari la viti viwili la otomatiki na furaha ninayo tele, tena mkono wangu wa kushoto uko huru kushika kofia.

Ninataka kuongeza kisa kwa anayefikiria paa la chuma. Gari langu nililinunua paa likiwa "limekufa". Muuzaji alisema pampu imeungua, na fundi aliyekuja naye akathibitisha kwa kutikisa kichwa. Nilipofungua buti nikaona kuna pazia jeusi la kutenganisha mizigo na sehemu ya paa, limesukumwa nyuma, ndoano zake zikining'inia bure. Nikalivuta, nikazipachika ndoano mbili kwenye vishikio vyake pembeni hadi zikalia "ta, ta". Nikarudi ndani, nikabonyeza kitufe, na paa likainuka kana kwamba halijawahi kuumwa. Magari mengi ya paa la chuma yana swichi ndogo inayozuia paa lisikunjwe juu ya mizigo. Pazia lisipokuwa mahali pake, kompyuta inakataa na haitoi maelezo. Muuzaji alinyamaza. Fundi wake akageukia simu.

Kwa hiyo ukiambiwa paa halifanyi kazi, anza na pazia, kisha betri, kisha swichi za kufuli za pembeni, kabla ya kufikiria pampu.

#13 VitiViwili
Ninawashukuru nyote. Nimefanya jaribio la kikombe alilolieleza Turubai: maji yametoka pande zote mbili, ingawa upande wa kulia yalichelewa kidogo. Zulia ni kavu. Muuzaji alinitazama kwa mashaka lakini hakukataa.

Kuhusu mafuta ya giaboksi, anasema hayajawahi kubadilishwa kwa sababu kitabu hakisemi yabadilishwe. MzeeSpana, nilikukumbuka. Nilitaka kuangalia kiwango chake, sikuona kijiti cha kupimia.

#14 MzeeSpana
Hukuona kwa sababu nyingi hazina. Kiwango kinapimwa gari likiwa limenyanyuliwa sawa pande zote, injini ikiwaka, na mafuta yakiwa na joto maalumu. Kwa giaboksi nyingi za ZF ni kati ya nyuzi 30 na 50. Kizibo cha pembeni kinafunguliwa, na mafuta yanatakiwa yachuruzike kidogo. Wapo pia wanaokutana na bomba la kijiti lenye kifuniko, kama kwenye giaboksi ya gia tano ya Mercedes, wakifunua wanakuta bomba tupu, kwa sababu kijiti kilibaki kuwa kifaa cha gereji. Fundi asiyejua hilo hujaza kwa kukisia, na mafuta yakizidi yanatoa povu, yakipungua klachi zinateleza.

Msimamo wangu ni uleule: mafuta.

#15 Kimya_Kimya
Mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, ila nina dhana nyingine. Gari la kilomita chache mara nyingi limekaa, na likikaa betri inakufa au inatolewa. Kompyuta ya giaboksi kwenye magari mengi hujifunza jinsi kila klachi inavyoshika na kuhifadhi marekebisho yake. Ikifutwa kumbukumbu, huanza upya na vipimo vya kiwandani ambavyo havilingani na giaboksi iliyokwisha kuchakaa kidogo. Matokeo yake ni mishtuko ya namna hii hii hadi ijifunze tena. Ningeuliza kama betri ni mpya.

Hata matairi yanasema ukweli kuhusu kukaa. Soma namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye kashata nzima lakini limetengenezwa miaka 10 iliyopita linaonesha kwamba gari halikutembea, na kwamba mpira umeshakuwa mgumu.

#16 Turubai
Ninaunga mkono. Watu wanazisifu kilomita chache, lakini gari la paa la kukunja lililokaa lina mipira ya milango iliyokauka, turubai lililokunjika mahali pamoja na breki za nyuma zilizonasa. Mimi kati ya gari lililokwenda kilomita nyingi kwa mfululizo na lililolala chini ya kifuniko, ningechagua la kwanza.

#17 KlachiMbili
Si sahihi kwa magari yote. Boxster za kabla ya 2009 zina beringi ya shafti ya kati ndani ya injini, na kilomita nyingi hazikuhakikishii chochote kuihusu. Kuifikia kunalazimu kushusha giaboksi, na ikivunjika injini inakwenda nayo. SLK 350 za miaka ya mwanzo ya kizazi cha R171 zina gia ya shafti ya mizani inayolika, nayo haiangalii gari lilikaa au lilitembea. Kwa magari hayo cha maana ni mwaka wa injini na kazi iliyofanyika, tena kwa maandishi.

#18 Mchokozi
Nimewasoma wote, nami nadhani nimelitambua gari lenyewe. Injini mbele, gia sita, turubai, muuzaji anayesema "ndivyo yalivyo". VitiViwili, ni MX-5 NC au ni Z4?

#19 VitiViwili
Sijasema kitu.

#20 MsomaVipimo
Tusimlazimishe, ila kama ni NC, yapo mawili ya kujua. La kwanza linamhusu Mchokozi: hata kwenye vipimo, otomatiki haikuwa sawa na ya mkono. Kwa soko la Marekani, baada ya maboresho ya 2009, ya mkono ilikuwa na nguvu farasi 167 na ya otomatiki 158, kwa injini ileile ya lita mbili. La pili linamhusu mwanzisha uzi: MX-5 zote zina fremu ndefu ya alumini inayounganisha giaboksi na difu ili viwe kama kipande kimoja. Kama gari limewahi kushushwa giaboksi au difu na boliti za fremu hiyo hazikukazwa ipasavyo, utapata mlio wa kugonga hasa wa aina hiyo, nyuma ya kiti, wakati nguvu inapobadili mwelekeo. Hapo KlachiMbili anaweza kuwa amepata, ingawa si kwa njia ya propela.

Na kama ni Z4 E85, uliza iwapo ni ya toki konveta kweli, kwa sababu zilitoka pia zenye SMG, ambayo ni ya kundi la nne la BintiGereji.

#21 Mchokozi
Nguvu farasi tisa zimepotea njiani na bado mnaniita mchokozi.

#22 BintiGereji
Tisa hizo utazihisi kwenye karatasi kuliko barabarani. Gari la uzito wa kama tani moja linaishi kwa wepesi wake, kona na usukani, na hivyo havikuondoka na pedali ya klachi. Ambacho ningekubaliana nawe ni kwamba otomatiki ya gia nne kwenye NA na NB inaonekana imezeeka: pengo kati ya gia ya pili na ya tatu ni kubwa, na kwenye mlima injini inalia bila kusonga. Kwa hiyo anayetaka otomatiki kwenye MX-5, aanzie NC.

VitiViwili, badala ya kuendelea kukisia, fanya majaribio haya gari likiwa la moto. Kaa kwenye barabara tupu, punguza mwendo kama kawaida, kisha ukifika kama kilomita 20 kwa saa weka N (gia huru) na uache gari lisimame kwa breki. Mshtuko ukibaki, tuache giaboksi, tuangalie breki na sasipensheni. Rudia ukiwa na D (ya kwenda mbele), AC ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Halafu simama kabisa, mguu kwenye breki, utoe P (ya kuegesha) uweke D na uhesabu: gia inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja hivi, bila kudunda. Mwisho, kwenye mwendo wa kati, mguu wa kulia ukiwa umetulia, hisi kama gari linatetemeka kidogo kwa vipindi; hiyo huwa klachi ya kufungia toki konveta.

#23 Pwaguzi
Peugeot 206 CC ya otomatiki mnaionaje? Nimeona moja ni safi.

#24 MzeeSpana
Giaboksi yake ya AL4, waliyoibuni Peugeot na Citroën pamoja na Renault, inajulikana kwa valvu zake za kurekebisha shinikizo. Zikichoka, gari linajifungia gia ya tatu na taa za theluji na michezo zinamweka kwa zamu. Ukiikuta imeshabadilishiwa valvu na mafuta, itakutumikia. Ukiikuta "haijawahi kuguswa", ikague mara mbili. Ila ile ni gari ya kusukuma kwa mbele yenye paa la kukunja. Uzi huu unahusu gari la michezo.

#25 Bi_Upepo
Mzee, umemkata maini.

#26 VitiViwili
Nimerudi na majibu ya BintiGereji. Kutoka P kwenda D ni haraka na laini. Mtetemo kwenye mwendo wa kati sikuuhisi. Nikiweka N kabla ya kusimama, mshtuko hautokei kabisa. Lakini jambo lililonichanganya ni hili: nikiwa na D na AC imezimwa, mshtuko ulipungua hadi karibu usisikike, na nilipowasha AC ukarudi. Nilirudia mpaka muuzaji akaanza kutazama saa.

#27 MzeeSpana
N imeondoa mshtuko, basi ni giaboksi. Nilisema.

#28 KlachiMbili
Mzee, N imeondoa nguvu yote inayopita kwenye propela na difu pia. Jaribio hilo limeondoa breki tu, halijachagua kati yako na mimi.

#29 Kimya_Kimya
Mimi AC ndiyo iliyonivutia. Ikiwashwa, kompyuta ya injini huinua mizunguko ya kutulia ili injini isizimike. Mizunguko ikipanda, toki konveta inasukuma zaidi wakati breki inazuia, na gia inaposhuka inashuka ikiwa na mzigo. Huenda mizunguko imepanda kuliko inavyostahili kwa sababu ya uchafu kwenye kinywa cha kuingizia hewa, na giaboksi ni nzima. Dhana yangu ya kumbukumbu iliyofutwa bado iko palepale, kwa sababu betri ikitolewa hata kipimo hicho cha mizunguko hujifunza upya. Mwanzisha uzi hajatuambia habari ya betri.

#30 BintiGereji
Inawezekana, na inawezekana pia kwamba ni maunti za injini. AC ikiwashwa injini inabeba mzigo zaidi, inajiegemeza kwenye mipira iliyokauka, na mlio wa kugonga unasafiri ndani ya bodi. Gari la paa la kukunja halina paa la kuifunga bodi, kwa hiyo hupitisha sauti kutoka mahali pamoja hadi pengine, na unaweza kusikia nyuma kitu kilichotokea mbele. Ningetaka mtu mmoja akae ndani akanyage breki na kubadilisha D na R (ya kurudi nyuma), mwingine afungue boneti aangalie injini inaruka kiasi gani.

#31 VitiViwili
Betri ni mpya. Muuzaji amethibitisha kwamba aliibadilisha kabla ya kuliweka gari sokoni. Amekubali gari lipelekwe kwa fundi nitakayemchagua, linyanyuliwe, boliti na bushi zikaguliwe na mizunguko isomwe kwa mashine. Amekataa kubadilisha mafuta kwa gharama yake, na anasema nikitaka hilo nishughulike nalo baada ya kununua.

#32 MzeeSpana
Basi akate kwenye bei. Na likishanyanyuliwa, mwombe fundi alegeze kizibo apate matone machache kwenye karatasi nyeupe. Mekundu au ya kahawia angavu, endelea. Meusi yenye harufu ya kuungua, muage muuzaji kwa heshima.

#33 Turubai
Na likiwa juu, fundi apulize hewa kwenye kile kitundu cha kulia kilichochelewa. Apulize kutokea chini kwenda juu, kwa shinikizo dogo, asije akalichomoa bomba la mpira kule ndani.

#34 KlachiMbili
Ashike propela kwa mikono miwili aizungushe kushoto na kulia gari likiwa N, atuambie mwanya ni kiasi gani. Halafu MzeeSpana na mimi tutaendelea.